Diwani anaulizwa barabara, mamlaka yako kwingine: halmashauri na Serikali Kuu mkoani Arusha

Katika mikutano ya hadhara ya mitaa jijini Arusha, maswali matatu humfikia diwani karibu kila mara: barabara itachongwa lini, maji yatafika lini, na fedha za kodi ya majengo zinakwenda wapi. Barabara za mitaa na za vijijini zilikabidhiwa TARURA, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, mwaka 2017, wakati barabara kuu, kama ile ya kwenda Moshi, ziko chini ya TANROADS, Wakala wa Barabara Tanzania. Maji ya jiji yako chini ya AUWSA, mamlaka ya maji ya Arusha, na ya vijijini yako chini ya RUWASA, wakala wa maji vijijini iliyoundwa kwa Sheria ya mwaka 2019. Kodi ya majengo nayo ilihamishiwa Mamlaka ya Mapato, na mwaka 2021 ikaanza kukatwa mwananchi anaponunua umeme wa LUKU. Kwa maoni yangu, mabadiliko hayo yaliwakusanya wahandisi na mapato mahali pamoja, lakini lawama zilibaki kwa diwani, ambaye hana tena kauli ya mwisho juu ya mambo hayo.

Hata hivyo, halmashauri si tawi la wizara. Ibara ya 145 na 146 za Katiba zinataka kuwepo kwa serikali za mitaa na kutaja lengo lake, ambalo ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Kauli hiyo ina historia nyuma yake: mwaka 1972, chini ya mpango wa Madaraka Mikoani, halmashauri zilifutwa, na zikarejeshwa kwa sheria zilizotungwa mwaka 1982.

Ugumu wa uhusiano huu unaonekana zaidi kwa watendaji. Mkurugenzi huteuliwa na Rais, lakini ndiye katibu wa baraza la madiwani waliochaguliwa na wananchi, na ndiye anayetekeleza maazimio yao. Mwalimu na mganga wanahudumu ndani ya halmashauri, ilhali mishahara yao inatoka Hazina. Mkuu wa Wilaya anaiwakilisha Serikali Kuu, na mipaka yake si lazima ilingane na ya halmashauri: Arumeru ina Mkuu wa Wilaya mmoja na halmashauri mbili, ya Meru na ya Wilaya ya Arusha, ambayo si ile ya Jiji. Pande hizi zikielewana, kazi husonga. Zisipoelewana, OR-TAMISEMI, yaani Ofisi ya Rais inayosimamia mikoa na serikali za mitaa, huingilia kati, na mara nyingi mwenye barua ya uteuzi husikika kuliko mwenye kura. (Si sheria inayosema hivyo, ni mazoea.)

Mamlaka ya diwani yenye uzito yapo kwenye mapato ya ndani na sheria ndogo. Ushuru wa mazao, ada za masoko na ushuru wa huduma, ambao hutozwa kwenye mauzo ya mfanyabiashara, hukusanywa na halmashauri, na matumizi yake hupitishwa na baraza. Sheria ndogo hutungwa na baraza hilo, ingawa haianzi kutumika mpaka Waziri mwenye dhamana airidhie. Katika mapato hayo ya ndani, asilimia 10 hutengwa kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Utaratibu huu uliwekwa kisheria mwaka 2018, na mwaka 2023 Serikali Kuu ilisitisha utoaji wa mikopo ili kupanga upya usimamizi wake, kabla ya kuurejesha. Fedha zilikuwa za halmashauri. Amri ya kuzisimamisha ilitoka juu.

Kwa hiyo mkazi wa Tengeru au Muriet anayetaka kujua kwa nini kikundi chake hakijapata mkopo, au kwa nini ada ya meza sokoni imepanda, ana haki ya kulipeleka swali hilo kwa diwani wake na kudai lijibiwe kwenye baraza, ambalo vikao vyake viko wazi kwa umma. Kuhusu barabara, barua yake iende kwa meneja wa TARURA wa wilaya, na nakala apewe diwani.