TAS haijichezi yenyewe: mambo nayosikia kila siku kuhusu spidirani za magemu ya zamani

Wakuu, nimeandika hii kwasababu nimechoka kuielezea mdomoni. Ukimwonesha mtu video ya TAS (tool-assisted speedrun, yaani spidirani, kumaliza gemu haraka iwezekanavyo, iliyotengenezwa kwa emuleta, programu inayoigiza mashine ya gemu kwenye kompyuta) ya Ninja Gaiden ya NES, ile mashine ya zamani ya Nintendo, Ryu unayemchezesha anapita kwenye maadui kama hawapo, mtu anaangalia mpaka mwisho afu anakwambia "si kompyuta ndo inacheza, wewe umebonyeza pleyi tu". Nimeisikia kwa ndugu, kwa watu wa kazini, na kwa watu wanaokesha kwenye pedi kila siku ambao ndo walitakiwa waelewe kabla ya wengine. Kwahiyo tuanze nayo hiyo.

"Kompyuta inacheza yenyewe"

Hapana. Na nitakaa hapa sana maana hii ndo inaniudhi kuliko zote.

TAS ni faili la batani, basi. Chukua faili la FCEUX, emuleta ya NES, lile la fm2, lifungue kwa programu yoyote ya kusoma maandishi, utakuta maelezo machache juu, afu mistari, na kila mstari ni fremu moja, yaani picha moja ya gemu kwenye skrini. Ndani ya mstari kuna nafasi nane za batani za pedi ya NES kwa mpangilio wa RLDUTSBA, yaani kulia, kushoto, chini, juu, start, select, B na A. Fremu uliyobonyeza kulia pamoja na A inasomeka R......A, na fremu ambayo hujagusa kitu ni nukta nane. NES inaenda fremu 60 na kidogo kwa sekunde, kwahiyo gemu ya dakika 11 ni mistari kama 39,700 hivi, na kila mstari kuna binadamu aliyeamua uandikwe nini. Kazi ya emuleta ni kusimamisha gemu fremu kwa fremu, kutunza hali ya gemu pale uliposevu na kukurudisha hapo ukitaka. Haijui njia iko wapi, haijui bosi ni nani, haijui hata kama Ryu kafa.

Afu anakuja mwingine: "si iachwe ijaribu kila kitu mpaka ipate". Haya, tupige hesabu. Batani nane, kila moja ama imebonyezwa ama haijabonyezwa, hiyo ni michanganyiko 256 kwenye fremu moja tu. Fremu kumi, ambazo ni sehemu ya sita ya sekunde, michanganyiko inafika namba yenye tarakimu 25. Utasema toa start, toa select, toa ujinga wote, bakiza machaguo manne tu kwa kila fremu. Sawa, sekunde moja nzima hapo inakupa namba yenye tarakimu 37. Hakuna laptopu itakayomaliza hiyo, na hakuna seva itakayomaliza. Skripti za Lua, yaani programu ndogo ndogo za kujaribu-jaribu, zipo ndio, na wengi tunazitumia, ila unaipa kipande kidogo sana, mfano umeshajua unataka kuruka hapa na kutua pale na kilichobaki ni A ibonyezwe fremu ipi. Aliyejua kwamba kuruka hapo kuna faida ni mtu, skripti imemalizia tu.

Tuichukue Ninja Gaiden yenyewe, maana ni gemu ngumu kweli, ilitoka Japani Desemba 1988 na mpaka leo watu wanaitukana. Ndege wanakuja kifua kwa kifua, ukipigwa unarushwa nyuma moja kwa moja shimoni, adui uliyemuua ukirudi nyuma kidogo anatokea tena, na sehemu ya 6 ukifa kwa mabosi wa mwisho unarudishwa mwanzo wa hiyo sehemu ya 6. Sasa sikiliza hii: Ryu akipiga upanga miguu ikiwa ardhini anasimama mpaka pigo liishe. Akipiga akiwa hewani hasimami, anaendelea na kasi yake ileile. Kwahiyo kila adui aliye njiani ni swali, niruke fremu ipi ili upanga umkute nikiwa bado juu, na nikishuka nisishukie mahali ambapo adui anayefuata ameshakaa. Na huyo anayefuata anatokea pale skrini inapofika kwenye alama yake, maana yake ukiwahi au ukichelewa fremu mbili unamkuta mahali pengine kabisa na mpango wako wa kuruka umekufa.

Hapo hapo kuna kile kipawa cha kuruka huku unazunguka na upanga. Mabosi wanayeyuka kwa hicho kipawa, ila kila pigo la hewani ukiwa nacho linakula nguvu 5, na nimeshasema hewani ndo unapotakiwa kupigia. Ukiokota kipawa kingine njiani, hicho kinapotea. Kwahiyo unakaa chini na karatasi kabla hujaandika hata fremu moja, unajiuliza nikiokote wapi, nguvu ziwe ngapi nikifika kwa bosi, na huku katikati maadui gani nitawakwepa bila kuwapiga ili nisizimalize. Unaweza kutengeneza dakika mbili zikakaa vizuri kabisa, afu ukaona kuna njia nyingine ina faida ya fremu 9, ukafuta dakika zote mbili ukaanza upya. Huo uamuzi emuleta haiufanyi na haitaufanya. Ndo maana mtu akiniambia nimebonyeza pleyi namuuliza kama ameshawahi kuliona hilo faili, na jibu siku zote ni hapana.

Siku hizi neno limekuwa AI. Kuna watu wanafundisha programu kucheza magemu, ni kazi nzuri na naiheshimu, ila ni kitu kingine. Huku hakuna kinachojifunza isipokuwa wewe.

Na ushauri wangu ule ule nisiochoka kuutoa, ambao wanaoanza hawaufuati: fungua dirisha la kuangalia RAM, memori ambamo gemu inatunza namba zake, kabla hujagusa batani yoyote. Kabla! Sio ukishakwama. Macho hayatoshi kabisa. Mfano Super Mario Bros., weka anwani 0057 utaona kasi ya Mario, 006D na 0086 utaona yuko wapi, na 0400 utaona vipande vidogo kuliko pikseli. Akikimbia kwa kasi ya mwisho 0057 inasoma 40, na hiyo unaigawa kwa kumi na sita, yaani pikseli mbili na nusu kwa kila fremu. Sasa skrini haina nusu pikseli ya kukuonesha. Unaweza kuwa na Mario wawili wanaoonekana wamesimama mahali pamoja kabisa kumbe mmoja yuko mbele, na mbele kidogo huyo mmoja anapita pembeni ya bomba na mwenzake anagonga. Anayetumia macho atasema gemu ina wazimu, anayeangalia namba anajua sababu, anarudi nyuma, anabadilisha fremu moja, anapita. Watu wananitumia video wananiuliza "kwanini hapa inagoma", na kwenye video hakuna namba hata moja, sasa nisome nini?

"Huo ni wizi"

Wizi ni kutengeneza TAS afu ukaipeleka kama umecheza kwa mkono. Hilo likitokea hata mimi nitapiga kelele. Ila TAS iliyoitwa TAS haimwibii mtu, haishindanishwi na wanaocheza kwa mkono, ina orodha zake. Mwaka 2003 ilizunguka video ya mtu anayeitwa Morimoto akimaliza Super Mario Bros. 3 kwa dakika kama 11, wengi wakaamini ni mkono wa mtu, walipojua imetengenezwa kwa emuleta wakakasirika kweli, na nafikiri hasira za watu mpaka leo zinatokea pale. Tangu hapo utaratibu ni kusema wazi mwanzoni kabisa. Na hata kabla yake, wachezaji wa Doom walishakuwa wanafanya hivi mwaka 1999 na kuita kwa jina lake bila kuficha.

Pia hakuna misimbo ya kudanganya (cheats) wala gemu iliyobadilishwa. Kinachoingia kwenye gemu ni batani tu. Tunachoweza na wewe huwezi ni kama kubonyeza kushoto na kulia kwa pamoja, kwenye Zelda II hiyo inampa Link, mhusika wa gemu, kasi ya kutisha, na kinachokuzuia wewe ni plastiki ya pedi yako, mashine yenyewe haina shida nayo.

"Kwenye mashine halisi haiwezekani"

Inawezekana na imefanyika mbele ya watu. Januari 2014 kwenye Awesome Games Done Quick, tamasha la spidirani, TASBot, kifaa cha kupeleka batani za TAS, iliunganishwa na SNES halisi (mashine ya Nintendo iliyofuata NES) kwenye milango ya pedi, ikapeleka batani kwenye Super Mario World mpaka gemu ikaanza kuendesha maagizo mapya, katikati ya Mario wakacheza Pong na Snake. Batani tu! Sio kila TAS inakubali kwenye mashine, NES kwa mfano ina tabia ya kusoma pedi vibaya pale inapopiga sauti zilizorekodiwa, na kuna emuleta za zamani zilikuwa hazifuati mashine vizuri. Ila hilo ni tatizo la usahihi wa emuleta, linapungua kila mwaka.

"Ulikuwa na bahati"

Kwenye hizi mashine bahati ni hesabu. Super Mario Bros. ukiiwasha inaanza na namba ile ile kila siku, baiti saba kwenye memori zinazungushwa kila fremu, kwahiyo wale ndugu wa nyundo, maadui wanaorusha nyundo kwenye leveli ya 8-3, hawaamui kitu, wanasoma tu namba iliyopo fremu hiyo. Ukitaka warushe tofauti, fika fremu tofauti. Kuna magemu mengine hata batani zako zinaingia kwenye hiyo hesabu, hapo unaweza kubonyeza kitu kisicho na kazi yoyote kwenye skrini ili tu namba igeuke. Ukiona kwenye TAS mtu anarukaruka ovyo anaposubiri, mara nyingi ana sababu, usiseme anajionesha.

Hii inanipeleka kwenye lingine, la kwamba kila fremu uliyookoa ni ushindi. Sio kila mahali. Super Mario Bros. ina kihesabio kinachozunguka kila fremu 21, na leveli inayofuata haianzi mpaka kizunguke. Fremu 21 ni kama sekunde 0.35. Ukiboresha 1-1 kwa fremu 5 na bado ukaangukia kwenye mzunguko ule ule, umeokoa sifuri, utasubiri kama mwenzako. Ama ufikie mzunguko uliotangulia ama uache. Ni leveli ya mwisho tu, 8-4, ndo haina habari hiyo kwasababu muda unaisha unapogusa shoka, pale kila fremu inahesabiwa. Na ndo maana kwenye hii gemu wanadamu wamesogea karibu sana na TAS, tangu Aprili 2021 kuna waliomaliza kwa mkono chini ya 4:55, na tofauti yao na TAS haifiki sekunde moja. Gemu ndefu zenye bahati nyingi pengo ni kubwa, usilinganishe.

Mengine ya haraka haraka. Namba ya rerekodi, ile inayoandikwa rerecordCount juu ya faili, haipimi ubora. Inahesabu mara ulizorudi nyuma, na skripti inaweza kuipandisha mpaka mamilioni usiku mmoja wakati njia yako ni mbovu. Kupunguza spidi ya emuleta ukacheza taratibu sio kutengeneza TAS ya maana, utapata uchezaji safi wa mtu asiye na haraka, tumia kusogeza fremu moja moja na uandike batani kwenye jedwali. Na hapana, hauhitaji kompyuta ya magemu ya bei mbaya, NES ina prosesa ya 1.79 MHz na RAM ya kilobaiti 2, laptopu yoyote ya zamani inaendesha.

La mwisho ni la wenzangu tuliokulia kwenye mashine za kaseti, zile za kopi zenye magemu elfu kwa moja, Contra na Mario ndani. TV zetu zilikuwa PAL, picha 50 kwa sekunde, wakati Famicom ya Japani (ndo NES ya kule) na NES ya Marekani zinaenda 60. Kwahiyo muda unaoukumbuka wewe utotoni, au kipimo cha "hapa nilikuwa naruka hapa", usikilete kwenye emuleta ukadai gemu imeharakishwa. Kabla hujaanza angalia palFlag kwenye faili imeandikwa 0 au 1 (1 ni PAL), na hakikisha ROM, yaani faili la gemu yenyewe, ni toleo lile lile mlilokubaliana, maana la Japani na la Marekani yanaweza kutofautiana hata kama picha ya mwanzo inafanana. Faili lako likienda vizuri kwako afu kwa mwenzako Ryu anaingia shimoni sehemu ya kwanza tu, linganisheni romChecksum, alama ya kuitambua ROM, kwanza, afu ndo muanze kuilaumu emuleta.