Baiskeli inahitaji nafasi gani barabarani?

Nafundisha udereva, na nafundisha pia watu wazima kuendesha baiskeli kwenye barabara zenye magari, kwa hiyo malalamiko ya pande zote mbili yananifikia. Dereva anataka kujua kwa nini mwenye baiskeli hakai pembeni kabisa. Mwenye baiskeli anataka kujua kwa nini magari yanampita karibu mpaka yanataka kumgusa kiwiko. Wote wawili wanazungumzia nafasi, na wengi wao hawajawahi kuelezwa kwa nini baiskeli inaihitaji.

Baiskeli haisimami wima yenyewe. Aliyeipanda anageuza usukani kidogo kidogo kuelekea upande inakotaka kuangukia, kama mtu aliyesimamisha fimbo kiganjani anavyousogeza mkono kuifuata. Ndiyo maana hata mwendeshaji hodari haendi kwa mstari ulionyooka. Tazama alama inayoachwa na tairi bichi juu ya lami kavu, utaiona inapinda huku na huku. Mwendo ukipungua, kwa mfano kwenye mlima, kupinda huko kunaongezeka. Akikutana na shimo, mchanga au upepo wa ubavuni, baiskeli inaweza kuhama nusu mita kwa ghafla bila mwenyewe kutaka. Na lori linapopita kwa kasi, hewa inayosukumwa nalo humyumbisha hata kama halijamgusa.

Kwa sababu hiyo nchi kadhaa zimeandika umbali kwenye sheria. Ujerumani tangu 2020 inamtaka dereva aache mita 1.5 mjini na mita 2 nje ya miji anapoipita baiskeli. Uhispania inataka mita 1.5 na, tangu 2022, pale barabara ina njia mbili au zaidi kwa upande mmoja, dereva ahamie kabisa njia ya pili. Mimi nafundisha mita 1.5 hata pale ambapo sheria haitaji namba yoyote. Dereva hana rula, kwa hiyo nawapa kipimo hiki: fikiria huyo mtu anaanguka sasa hivi kuelekea upande wa gari lako. Kichwa chake kitafika wapi? Kama kitafika chini ya gurudumu, bado hujaacha nafasi ya kutosha.

Nafasi hiyo ikikosekana, subiri. Gari likija kutoka mbele, usijaribu kujipenyeza katikati ya gari hilo na baiskeli. Njia ikiwa wazi, hamia upande wa pili kama unapita gari, kisha usirudi mpaka umwone vizuri kwenye kioo cha nyuma. Na tafadhali usipige honi ukiwa mgongoni pake. Mtu akishtuka hugeuza kichwa, na kichwa kikigeuka mikono nayo hufuata, baiskeli ikaelekea huko huko uliko wewe.

Kuhusu mwendo, huwa naandika hesabu ubaoni. Kwa kilomita 50 kwa saa gari linakwenda karibu mita 14 kila sekunde. Dereva akichukua sekunde moja na nusu kuona hatari na kukanyaga breki, tayari amekwenda kama mita 21. Kwa kilomita 30 anakwenda mita 12 na nusu kabla ya breki, kisha kwenye lami kavu anahitaji kama mita 5 kusimama. Kwa hiyo pale ambapo dereva wa 30 amekwisha simama, mwenzake wa 50 hajagusa hata breki. Sioni hoja ya kupinga mwendo mdogo kwenye barabara yenye baiskeli nyingi baada ya hapo.

Sasa mwenye baiskeli. Hapa nina maneno makali kidogo, kwa kuwa nataka wafike nyumbani. Endesha kuelekea upande magari yanakoelekea, kamwe usiyakabili, hata kama unajisikia salama kwa kuyaona yakija. Ukienda kilomita 20 kwa saa ukilikabili gari lenye mwendo wa 50, mnakaribiana kwa 70. Mkielekea upande mmoja mnakaribiana kwa 30 tu. Zaidi ya hayo, dereva anayetoka barabara ya pembeni huangalia upande magari yanakotokea, wala hakutegemei upande mwingine.

Usijibane ukingoni pia. Acha kama mita moja kutoka ukingo wa lami, usichomoke huku na huku katikati ya magari yaliyoegeshwa, na barabara ikiwa nyembamba mno shika katikati ya njia yako mpaka ipanuke. Madereva wengi huona hicho ni kiburi. Sivyo: mwenye baiskeli anawazuia wasimpite mahali ambapo kupita ni hatari kwake. Kabla ya kukata kona, tazama nyuma kwanza, nyoosha mkono, kisha ndipo ugeuke. Taa nyekundu ni nyekundu kwako pia.

Jambo ninalolirudia kuliko yote ni lori kwenye makutano. Likikata kona, magurudumu ya nyuma hayafuati njia ya yale ya mbele. Hukata kwa ndani, karibu na ukingo, mahali hasa ambapo mwenye baiskeli amejiingiza akidhani amepata upenyo. Kaa nyuma. Kama huuoni uso wa dereva kwenye kioo chake, naye hakuoni. Na wewe dereva, angalia kioo cha upande huo tena wakati unaanza kugeuka, maana ulichokiona taa ikiwa nyekundu huenda kimebadilika.

Wajibu ni wa wote, lakini sikubali kwamba uzito wake ni sawa. Kosa la mwenye baiskeli mara nyingi humwumiza mwenyewe. Kosa la dereva humwumiza mwingine. Kanuni za barabarani za Uingereza ziliandika wazo hilo waziwazi mwaka 2022: mwenye chombo kinachoweza kuleta madhara makubwa zaidi ndiye mwenye wajibu mkubwa zaidi wa kupunguza hatari.

Mlango wa gari lililoegeshwa nao umeangusha wengi. Ufungue kwa mkono ulio mbali nao: kiwiliwili kitageuka chenyewe na macho yataangalia nyuma. Mwenye baiskeli apite zaidi ya mita moja kutoka kwenye magari hayo.

Usiku, fulana ya rangi kali haitoshi, kwani rangi ile hung'aa kwa mwanga wa mchana. Kinachosaidia ni taa nyeupe mbele, nyekundu nyuma, na vipande vinavyorudisha mwanga, hasa kwenye pedali na vifundo vya miguu: vinapanda na kushuka, na dereva hutambua haraka kwamba mbele yake kuna mtu. Taa ya mbele ielekezwe chini kidogo isimpofushe anayekuja, na dereva naye ashushe taa zake kubwa anapokutana na baiskeli.