Julai Kilimanjaro hamfuati theluji

Ikiingia Juni tu, simu za wanaotaka niwapeleke Kilimanjaro zinaanza. Safari hii ni kikundi cha walimu wa hapa mjini Unguja: wanataka kupanda Julai, "maana ndiyo kipupwe, theluji itakuwa tele." Nawaheshimu sana walimu, na ndiyo maana jibu nimeamua kuliandika lote, nipate kumpa kila atakayeuliza tena.

Theluji haiji kwa baridi peke yake. Kileleni Kibo, kilele kirefu kuliko vyote vya mlima huu, usiku kuna baridi ya kugandisha mwezi wowote ule, Januari au Julai. Mlima uko kama digrii tatu tu kusini ya Ikweta, kwa hiyo tofauti ya joto la mchana na la usiku wake ni kubwa kuliko tofauti ya mwezi na mwezi. Kinachokosekana kule juu wakati wa kipupwe ni maji hewani. Theluji ni mvua iliyoangukia penye baridi, basi anayeitaka afuate mvua: masika, Machi hadi Mei, na vuli, Novemba na Desemba. Julai na Agosti huko juu ni kukavu.

Na sisi watu wa pwani hili lilitustahiki kulijua mapema, maana pepo tumezikuta na wazee wetu wamesafiri nazo. Upepo wa kusi unatoka baharini umebeba unyevu. Ukifika Kilimanjaro unaupiga mlima ubavu wa kusini, mawingu yanajazana msituni na yanakwama hapo, mara nyingi chini ya mita 3,000. Ndiyo maana mtu anaweza kukaa Moshi siku kadhaa za Julai asiuone mlima hata mara moja, akarudi Unguja anasema amedanganywa. Hakudanganywa. Alikaa chini ya wingu. Waliolivuka walikuwa juani.

Hapa ndipo panaponiuma, kwa sababu watu wanakwenda kutafuta theluji na wanapita bila kutazama kile ambacho kipupwe kinakitoa kuliko msimu wowote. Unatembea msituni kwenye ukungu, majani yanachuruzika, unasikia mbega bila ya kumuona. Mbega wa kule ni mweusi kwa mweupe, mwenye mkia wa manyoya marefu. Si kima punju wetu wa Jozani. Kisha miti inafupika, unaingia kwenye vichaka, na ghafla uko nje. Wingu lote liko chini ya miguu yako, limetandazwa kama sufi ya godoro, na magharibi kilele cha Meru, mita 4,566, kimechomoza peke yake. Asubuhi za kipupwe naitegemea picha hiyo. Masika siwezi kumuahidi mtu.

Asiyetaka kulala mlimani wala kufika kileleni aende kwa njia ya Marangu mpaka kambi ya Mandara, kisha aendelee kama robo saa hadi kreta ya Maundi, shimo la volkeno ya zamani. Kwenye ukingo wake, hewa ikiwa safi, unaziona Kibo na Mawenzi, kilele cha pili cha mlima, pamoja, na upande wa pili nchi ya Kenya. Ni safari ya siku moja kwenda na kurudi. Sielewi kwa nini familia zetu haziifanyi.

Anayepanda kwa njia ya Machame au ya Lemosho atapita bonde la Barranco, na pale namuomba asikimbilie kambini. Kuna senesio kubwa, miti inayompita mtu kwa urefu, ambayo majani yake makavu hayaanguki. Yanabaki yameushika mti na kuukinga na baridi ya usiku. Pembeni yake kuna lobelia. Jioni lobelia hufunga majani yake. Katikati limekusanya maji, na maji hayo yakiganda juu tu, kichipukizi kilichomo chini kinasalimika. Amka kabla ya jua ukaziangalie, kisha kaa uone zinavyofunguka. Nimeona wageni wakizipita huku wanauliza theluji iko wapi.

Sasa barafu. Zile kuta nyeupe zilizosimama wima kileleni si za kipupwe hiki wala cha jana. Ni barafu ya zamani sana, na inapungua. Tangu ilipopimwa mwaka 1912 imepoteza zaidi ya asilimia 80 ya eneo lake. Julai jua liko upande wa kaskazini, kwa hiyo kuta zinazoelekea kaskazini ndizo zinazopigwa na kuliwa. Desemba ni zamu ya zile za kusini. Vitabu vya wageni vinasema joto la dunia, basi. Wataalamu wenyewe wamebishana: wako wanaosema ukavu wa hewa, ulioanza mwishoni mwa karne ya 19, umechangia zaidi. Mwaka 2002 kulitolewa makadirio ya kisayansi kwamba barafu yote ingekwisha kati ya 2015 na 2020. Bado ipo. Kwa hiyo mimi mteja simtajii mwaka. Namwambia aende angali mzima wa magoti.

Lazima niseme na hili: mwanzoni mwa Juni unaweza kukuta theluji iliyoachwa na masika, na hata Agosti huanguka chembe usiku, jua la mchana likazimaliza. Mlima hausomi kalenda yangu. Lakini anayetaka weupe hasa nampeleka baada ya vuli, mwisho wa Desemba na Januari, na vuli ikichelewa hesabu yangu inavurugika vilevile. Masika yenyewe sipeleki familia; tope la msituni linavunja watu miguu.

Mtakaokwenda Julai, baridi ya usiku ya Kibo msiipime kwa ile ya alfajiri ya Forodhani. Koti moja halitoshi; vaeni nguo juu ya nguo. Usiku wa kupanda kileleni mipira ya kunywea maji huganda, basi chukueni chupa, na chupa ikae kichwa chini ndani ya begi. Barafu huanzia juu ya maji, kwa hiyo itajikusanya kwenye kitako, na mdomo utabaki wazi.