Hisa ya makuta ni nini?

Jirani yangu mmoja wa komini ya Kenya, hapa Lubumbashi, fundi wa simu, alinionyesha skrini yake wiki jana. Kampuni ya Marekani inayojaribu kupeleka intaneti mbali kwa mawimbi, bila waya, na hisa yake moja inauzwa senti nne za dola. "Yaya, haifike hata bei ya mukate. Itashuka tena wapi?"

Itashuka, mudogo. Kutoka senti nne hadi nusu senti kuna nafasi kubwa, na ukifika huko kati ya kila dola 8 ulizoweka imebaki moja.

Wamarekani huziita hisa za aina hii kwa jina la senti. Mimi naziita hisa za makuta, kwa wale wanaokumbuka zaire ya mwaka 1967 iliyogawanywa makuta 100. SEC, mamlaka inayosimamia masoko ya mitaji kule Marekani, inazieleza kwa jumla kuwa ni hisa za kampuni ndogo sana zinazouzwa chini ya dola 5. Nyingi haziko katika soko kubwa kama Nasdaq, ambako hisa ikikaa chini ya dola 1 kwa siku 30 za kazi mfululizo kampuni huandikiwa onyo. Zinauzwa pembeni, dalali kwa dalali. Huko masharti ni mepesi, na wapo wasiotoa hesabu za kueleweka.

Kosa la jirani yangu ni la watu wengi: kuona bei ya hisa moja kama bei ya kampuni. Tuseme hisa ni senti 4 na ziko bilioni moja na nusu. Zidisha: dola milioni 60. Sasa chukua kampuni nyingine, hisa yake dola 40, lakini ziko milioni moja tu. Hiyo yote ni dola milioni 40. Ile ya "bei ya mukate" ndiyo ghali, na pengine mauzo yake ya mwaka mzima hayawezi kulipa mishahara ya ofisi yenyewe.

Na hizo hisa bilioni moja na nusu hazikai hapo zilipo. Kampuni isiyouza kitu inaishi kwa kutoa hisa mpya. Tuseme katika kampuni nyingine ulikuwa na hisa elfu kumi kati ya milioni moja, yaani asilimia moja. Wakitoa milioni nyingine, unabaki na nusu ya hiyo, wala hakuna aliyekuibia. Kibaya zaidi ni mkopo unaolipwa kwa hisa. Deni la dola 100,000 likigeuzwa hisa wakati bei ni senti 4, mkopeshaji anapata milioni 2.5. Bei ikiwa imeshuka hadi sehemu ya kumi ya hapo, anapata milioni 25. Anaziuza, bei inashuka tena, na sehemu ya deni iliyobaki inazaa hisa nyingi zaidi. Hapo ndipo kampuni nyingi hukunja hisa: mia zinakuwa moja. Hisa zako elfu kumi za senti 2 zinageuka mia moja za dola 2. Ni dola 200 zilezile, ila sasa bei inaonekana ya heshima.

Kuingia na kutoka nako kuna gharama. Mtu wa Lubumbashi hahitaji kufundishwa hili: kila kambiste barabarani ana bei ya kununua dola na bei ya kuuza. Kwa hisa za makuta pengo hilo linaweza kuwa senti 5 ukinunua, senti 4 ukiuza. Umepoteza moja ya tano kabla hujaondoka mezani. Na siku ukitaka kuuza nyingi, huenda hakuna mnunuzi.

Kwa nini teknolojia ya mawimbi inapendwa sana na watangazaji wa hisa hizi? Kwa sababu ahadi yake ni kubwa na si rahisi kuipima kwa macho. Wanakuonyesha breve, hati ya kulinda uvumbuzi, ambayo wenzetu wa Dar es Salaam huiita hataza. Breve ni kama kibali cha utafiti kutoka Kadastre ya Madini: unaruhusiwa kutafuta shaba, lakini bado huna shaba. Nayo ina muda, kwa kawaida miaka 20 tangu kuombwa.

Hata kwa kampuni yenye wahandisi wa kweli, breve inaweza kuyumba. ParkerVision ya Florida iliishtaki Qualcomm, kampuni kubwa ya chipu za simu, kwamba imetumia breve zake za kupokea mawimbi. Oktoba 2013 baraza la raia mahakamani liliipa zaidi ya dola milioni 170. Juni 2014 jaji akafuta tuzo hiyo, hisa ikaporomoka, na mwaka 2015 mahakama ya rufaa ikakubaliana na jaji. Aliyenunua kwa furaha ya Oktoba alikuwa amenunua kesi.

Wanaokutumia sifa za hisa kwenye simu usiwape muda mrefu. Sheria ya Marekani inamtaka aliyelipwa kuitangaza hisa aseme kalipwa kiasi gani. Tafuta maandishi madogo chini kabisa.

Muda wako upeleke EDGAR, hifadhi ya SEC isiyolipiwa. Kampuni ikiwa inapeleka hesabu zake huko, fungua fomu 10-K ya mwaka na 10-Q ya robo mwaka. Kiingereza chake kizito, lakini tarakimu ni zilezile. Angalia fedha taslimu iliyobaki, igawe kwa matumizi ya mwezi. Tafuta mahali mkaguzi anapoandika kwamba ana shaka kubwa kama kampuni itaendelea kuwepo. Kwa hisa hizi sentensi hiyo si adimu.

Jirani yangu nilimpa kazi moja tu. Idadi ya hisa huandikwa mwanzoni kabisa mwa fomu, kwenye jalada, basi aandike ya mwaka juzi na ya sasa. Alirudi jioni na karatasi ya risiti aliyoandika nyuma: zilikuwa karibu mara tatu. Akauliza zilienda kwa nani. Nikamwambia arudi kwenye maelezo ya hesabu, pale panapotajwa madeni yanayogeuzwa hisa, asome na tarehe.