Pua ikizoea, nani atakuambia? Maswali na majibu kuhusu amonia bandani na vihisi visivyokula umeme

Nikiingia kwenye banda la kuku alfajiri macho yananichoma, lakini baada ya dakika kumi sisikii tena. Gesi imekwisha?

Haijaisha. Kilichochoka ni pua yako. Pua huizoea amonia, ile gesi kali ya bandani, upesi, ndiyo maana mgeni akifika mlangoni hufunika uso huku mwenye banda akimshangaa. Hili linanitia hofu kuliko harufu yenyewe, kwa sababu wafugaji wengi hawana kipimo kingine ila pua, na pua inaacha kazi wakati ule ule inapohitajika.

Inatoka wapi, hasa?

Kinyesi cha kuku kina asidi ya yuriki. Bakteria waliomo kwenye maranda au pumba za mpunga huivunja na kutoa amonia, na pakiwa na joto na unyevu wanafanya kazi kwa kasi. Sasa fikiria banda la vifaranga usiku: bruda (kifaa cha kuwapasha vifaranga joto) inawaka, turubai limeshushwa pande zote ili baridi isiingie, na chombo cha maji kinavuja. Humo bakteria wamekamilishiwa kila kitu.

Neno moja kuhusu chokaa, maana wengi huinyunyiza wakidhani inakata harufu. Chokaa hupunguza asidi ya matandazo, na matandazo yasiyo na asidi ndiyo yanayoachia amonia kwa wingi. Ukiimwaga juu ya maranda mabichi wakati kuku wako ndani, unaweza kuiongeza gesi siku hiyo hiyo. Toa kwanza yaliyolowa.

Inadhuru kuanzia kiasi gani?

NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, inashauri mfanyakazi asivute zaidi ya sehemu 25 za amonia kwa milioni za hewa kwa wastani wa siku ya kazi, wala zaidi ya sehemu 35 kwa dakika 15. Ikifika 300, uhai uko hatarini papo hapo. Ili uione hiyo 25, chukua madumu mawili na nusu ya maji ya lita 20, kisha dondoshea matone 25. Ni kidogo hivyo.

Gesi hii hupenda maji, kwa hiyo hukimbilia palipo na majimaji mwilini: macho, pua, koo. Utatoa machozi, utakohoa, na mwenye pumu atabanwa mapema kuliko wenzake. Barakoa ya kitambaa au ya hospitali huzuia vumbi, gesi inapita. Ikikuingia machoni kwa nguvu, toka nje, osha kwa maji mengi safi kwa angalau dakika 15, na kama macho bado yanauma au kifua kinabana, nenda kituo cha afya.

Kuku nao wanaumia. Kwenye koo zao kuna vinyweleo vidogo vinavyosukuma uchafu nje, na amonia huvidhoofisha. Hapo kideri na magonjwa mengine ya mfumo wa hewa hupata njia.

Kuna vihisi, yaani vifaa vya kutambua gesi, vya bei nafuu madukani. Kwa nini nisinunue kimoja tu nikamaliza?

Vingi ni vya oksidi ya bati, teknolojia iliyoanzishwa na Mjapani Naoyoshi Taguchi miaka ya 1960. Ndani yake mna kipasha joto kidogo cha umeme kinachopasha oksidi hiyo hadi nyuzi mia kadhaa za selsiasi, kwa kuwa bila moto haihisi vizuri. Kipasha joto hicho peke yake hula karibu wati 0.8. Pawa benki ya 10,000 mAh inakiendesha siku moja na nusu hivi, basi. Kwenye banda lisilo na umeme wa uhakika, kitazimika usiku, saa ambazo turubai limefungwa na gesi inapanda. Isitoshe, kihisi cha aina hii kama MQ-135 hakichagui: kinashtuka kwa amonia, kwa moshi, na hata ukipaka sanitaiza mikononi karibu nacho.

Ndiyo maana watafiti wanahangaikia umeme mdogo?

Ndiyo, na mimi naona hapa ndipo penye kazi ya maana. Wengine wamekifanya kile kipasha joto kiwe kidogo mno na kuwaka kwa vipindi vifupi tu. Wengine wamekiondoa kabisa. Wanatumia polianilini, plastiki inayopitisha umeme: amonia ikiigusa huinyang'anya protoni, umeme ukapita kwa shida, na badiliko hilo ndilo linalosomwa. Inafanya kazi kwenye joto la kawaida la chumba. Kifaa chote kikitumia wastani wa miliwati moja, betri mbili ndogo za redio zinaweza kukifikisha zaidi ya miezi sita.

Mwaka 2014 kundi la mkemia Timothy Swager katika chuo kikuu cha MIT, Marekani, lilichukua vibandiko vya kawaida vinavyosomwa na simu kwa kusogezwa karibu, likakata sehemu ya saketi na kuichora upya kwa kaboni inayohisi gesi. Gesi ikifika, usomekaji wa kibandiko kwenye simu unabadilika. Amonia ilikuwa mojawapo ya gesi walizozijaribu. Kibandiko hakina betri hata moja, nguvu yote inatoka kwenye simu.

Kinachowasumbua bado ni unyevu. Mvuke wa maji hubadilisha usomaji wa vihisi hivi, na banda ni mahali pa mvuke. Pia baadhi huchelewa kurudi sifuri gesi ikiondoka.

Nasikia vihisi hivi vitapima figo kwa pumzi. Kweli?

Msingi wake upo. Figo zikishindwa, urea huzidi kwenye damu na mate, bakteria wa kinywani huivunja, na pumzi hutoka na amonia zaidi. Kwa mtu mzima wa afya kiwango kwa kawaida hakifiki sehemu moja kwa milioni, hivyo kihisi lazima kiwe chepesi mno kuhisi. Lakini kinywa kisichosafishwa nacho huongeza amonia, figo zikiwa salama kabisa. Ukiambiwa upime kreatinini (taka ambayo figo huichuja) kwenye damu, pima. Pumzi haijachukua nafasi hiyo.

Nikipata kihisi, nikiweke wapi?

Kwenye kimo cha kichwa cha kuku, maana gesi inaanzia kwenye matandazo na wao ndio wanaoivuta kwanza. Kiwe mbali na vyombo vya maji. Kabla ya kukiingiza, kiwashe nje kwenye hewa safi, uandike namba inayotokea, na urudie kila baada ya miezi michache. Namba ya nje ikianza kupanda yenyewe, kihisi kimechoka. Ndani ikikaribia 25, inua turubai kwa juu ili hewa ipite bila kuwapiga vifaranga, kisha tafuta maranda yaliyolowa. Mara nyingi yako chini ya chombo cha maji.