Kufuatilia kina cha maji ya ardhini: maana yake kwa jiji la Dar es Salaam

Aliyewahi kuchota maji kisimani kwa ndoo anaijua habari hii. Wakati wa masika kamba ya kawaida inatosha. Kiangazi kikikolea, inabidi kuunga kamba nyingine. Urefu ule ulioongezwa ni kipimo: maji yameshuka. Kufuatilia kina cha maji ya ardhini ni kufanya hivyo hivyo kwa makusudi, katika kisima kilekile, kwa namba na tarehe, mwaka baada ya mwaka.

Dar es Salaam inalihitaji jambo hili mno. Mabomba ya jiji hutegemea zaidi Mto Ruvu. Ukame wa 1997 ulipobana, visima virefu vilichimbwa kwa wingi, vya umma na vya watu binafsi, na uchimbaji haukukoma tena. Sensa ya 2002 ilihesabu watu wapatao milioni 2.5, ya 2022 ikahesabu milioni 5.4. Mwishoni mwa mwaka huohuo wa 2022 Ruvu ilipungua tena, mgawo ukaanza, na macho yote yakarudi visimani.

Mpimaji hushusha kisimani utepe wenye alama za sentimita na kitambuzi kwenye ncha. Kikigusa maji, kifaa hulia, naye husoma urefu kuanzia mdomo wa bomba la kisima. Kazi ni nyepesi, ila pampu huiharibu: inapovuta, maji ndani ya kisima hushuka kuliko yale yaliyo mbali kidogo nacho, kwa hiyo lazima izimwe kwa saa kadhaa kwanza. Bora zaidi ni kisima cha uangalizi, kisicho na pampu kabisa. Lakini mjini, nani achimbe kisima asichote? Ndiyo maana naona kazi hii haiwezi kuachiwa wenye nyumba peke yao.

Namba nazo zinataka uangalifu. Mita 10 Mikocheni, jirani na bahari, si sawa na mita 10 Kimara, kwenye miinuko. Lazima ijulikane mdomo wa kisima uko juu ya usawa wa bahari kwa kiasi gani. Na Februari ilinganishwe na Februari, isilinganishwe na Mei baada ya mvua.

Ukuaji wa jiji wenyewe huvuta pande mbili. Mapaa, lami na sakafu za zege huzuia mvua kupenya ardhini, ilhali mabomba yanayovuja na mashimo ya vyoo huongeza maji huko chini. Kina kinaweza kubaki palepale huku maji yakichafuka, hivyo kipimo cha kina kiende pamoja na cha ubora.

Pwani, jambo kubwa kuliko yote ni chumvi. Maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, ni mepesi kuliko ya bahari, kwa hiyo huelea juu yake ndani ya mchanga na mawe. Kanuni ya wataalamu husema kwamba kila mita 1 ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari hubeba takriban mita 40 za maji baridi chini ya usawa huo. Maana yake, maji yakishushwa mita moja tu na kubaki hivyo, mpaka wa chumvi unaweza kupanda polepole, hata mita 40. Kwa hiyo ulimi hugundua tatizo likiwa limeshafika kisimani. Utepe ungeonyesha dalili mapema.

Tena si kila kisima cha maji ya chumvi kimeingiliwa na bahari. Vingine chumvi yao imetoka ndani ya ardhi yenyewe tangu zamani. Bila kumbukumbu za miaka, ni vigumu kusema kwa uhakika ni ipi.

Kama una kisima nyumbani, tafuta ripoti ya mchimbaji: huwa ina kina cha maji cha siku ya kwanza. Februari ijayo, pampu ikiwa imezimwa usiku kucha, pima tena, kisha andika namba mpya pembeni ya ile ya zamani.