Kabla ya kubishana muongo upi ulikuwa na muziki bora, sawazisha sauti

Ubishi wenyewe mnaujua. Uwe Mwanjelwa kule Mbeya, uwe Miyomboni kule Iringa, au stendi ya Makambako watu wanaposubiri basi kwenye baridi: mmoja anasema muziki uliondoka na Mbaraka Mwinshehe Januari 1979, wa pili anasema Bongo Fleva ya miaka ya 2000 haijapata mpinzani, kijana anachomoa simu na kuwaambia wazee zamu yao imepita. Kisha kila mmoja anapiga wimbo wake. Hapo ndipo ubishi unapoharibika, maana vinavyoshindana si miongo tena. Ni kanda iliyochoka na faili safi.

Nafanya kazi ya kuhamisha kaseti za zamani kuziingiza kwenye kompyuta, nyingi zikitoka Rungwe, Kyela, Mbozi na Iringa. Msimamo wangu nausema mapema: muongo bora wa muziki wa dansi nchini ni ule ulioanza 1978 ukaisha 1988. Ila mtu hawezi kuukubali wala kuukataa kwa haki mpaka asikilize pande zote katika hali moja, kwa hiyo naanza na hapo.

Kwanza ukubwa wa sauti. Mpigie mtu wimbo uleule mara mbili, mara ya pili uongeze desibeli moja tu, naye atakwambia mara ya pili ulikuwa mzuri zaidi. Hatajua kwamba umeongeza. Sasa wimbo wa siku hizi hutoka studio ukiwa umebanwa hadi karibu LUFS -8 au -9, yaani kipimo cha ukubwa wa sauti kama sikio linavyoipokea. Kaseti iliyohamishwa kwa uangalifu hukaa kwenye -18 au -20. Tofauti ya desibeli 10 sikio hulihesabu kama sauti maradufu. Mzee wa watu ameshashindwa kabla gitaa la solo halijaingia.

Dawa yake ni rahisi na haina gharama. Fungua nyimbo zote kwenye programu ya Audacity, tumia kile kifaa cha kusawazisha ukubwa wa sauti (Loudness Normalization), andika -18 kwa kila wimbo, halafu uzihifadhi upya. Angalia mwelekeo: mpya ndio unaoshushwa. Ukipandisha wa zamani hadi -9, vilele vya tarumbeta na ngoma vitakatwa, utasikia mkwaruzo, na utawalaumu wapigaji kwa kosa lako. Asiye na kompyuta apange kwa sikio: sauti ya mwimbaji wa wimbo wa zamani na ya mwimbaji wa wimbo mpya zitoke kama watu wawili waliosimama umbali mmoja nawe.

Pili ni mwendo wa kanda. Kaseti inatakiwa kwenda sentimita 4.76 kwa sekunde. Mpira wa deki ukilegea inakwenda polepole, na asilimia 6 pungufu inatosha kushusha wimbo mzima kwa nusu toni. Waimbaji wanasikika wamechoka, chemko, ile sehemu ya wimbo inayochangamka, inapoteza moto. Nyimbo nyingi za zamani zinazozunguka kwenye fleshi na simu zina ugonjwa huu, kwa sababu mtu mmoja alihamisha kwa deki mbovu na wengine wote wakanakili kwake.

Namna ninayoiamini ya kugundua ni mvumo wa umeme. Umeme wetu ni hezi 50, na mashine nyingi za kurekodia zilijipenyezea mvumo huo kwenye kanda kwa chini kabisa. Chukua sehemu ya kimya, kabla wimbo haujaanza, uichore kwenye grafu ya masafa. Ukiona kilima kwenye hezi 48 badala ya 50, kanda inakwenda polepole: gawanya 50 kwa 48, utapata 1.042, basi ongeza mwendo kwa asilimia 4.2. Mara nyingine utaona vilima viwili, kimoja 48 na kingine 50 kamili. Cha 50 ni cha deki yako inayopiga sasa hivi, usikitumie. Pia ongeza mwendo, siyo kina cha sauti peke yake, maana vyote viwili vilishuka pamoja.

Tatu, na hapa ndipo muziki mwingi unapopotea, ni kukaa kwa kichwa cha kusomea. Kichwa kikiinama hata kidogo kuliko kilivyoinama cha mashine iliyorekodi, sauti nyembamba zote zinakufa. Matoazi yanageuka upepo, gitaa la ridhimu linazama ndani ya besi, na msikilizaji anasema “muziki wa zamani ulikuwa mzito mzito hivi.” Haukuwa. Kando ya kichwa kuna skrubu mbili. Moja ina springi chini yake na mara nyingi imepakwa rangi kidogo ili isilegee. Hiyo ndiyo ya kugusa. Weka kanda ipige, unganisha kushoto na kulia ziwe sauti moja, chukua bisibisi ndogo isiyo na sumaku, uzungushe robo ya mzunguko kwenda, robo kurudi, huku ukisikiliza matoazi na herufi “s” za mwimbaji. Kuna sehemu nyembamba sana ambapo pazia linafunguka. Simama hapo hapo. Fanya hivyo kwa kila kanda, na upande B uupime peke yake. Kabla ya yote safisha kichwa na rola kwa pamba na spiriti, usubiri ikauke, ndipo uweke kanda.

Hata ukifanya yote hayo, bado kuna jambo ambalo bisibisi haiwezi kulirekebisha. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kutegemewa cha santuri. Bendi zetu zilitegemea Nairobi. Februari 1977 mpaka na Kenya ulifungwa, ukaja kufunguliwa 1983. Katika miaka hiyo nyimbo nyingi ziliishi kwenye kanda za studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam na hewani. Sisi wa Nyanda za Juu Kusini tulizipata kwa masafa ya kati na mafupi, ambayo hupitisha sauti hadi hezi 5,000 hivi, na usiku mawimbi yalikuwa yakija na kuondoka. Mtu akaweka redio kaseti, akabonyeza kitufe mtangazaji alipotaja bendi. Nakala hiyo ndiyo inayopigwa leo dhidi ya faili iliyotoka studio jana.

Anayedhani udhaifu ni wa wapigaji amsikilize Remmy Ongala na bendi yake ya Super Matimila. Mwaka 1989 lebo ya Real World ya Uingereza ilitoa albamu yao. Ilinganishe na nakala za redio za miaka hiyohiyo: wapigaji wa bendi ileile, muongo uleule, lakini ghafla kila gitaa lina mahali pake na tumba zina ngozi. Tofauti hiyo ni ya mitambo. Ipunguze kwanza kichwani ndipo uhukumu nyimbo.

Urefu nao. Santuri ndogo ya mizunguko 45 ilibeba dakika 3 au 4 hivi kila upande, kwa hiyo wimbo wa dansi ulikatwa sehemu ya kwanza upande A, ya pili upande B. Vibanda vinavyoingiza nyimbo kwenye fleshi mara nyingi vina sehemu ya kwanza tu. Sehemu hiyo ni ya maneno: mwendo wa taratibu, kisa kinasimuliwa, waimbaji wanapokezana. Chemko iko upande B, magitaa yanapoanza kujibizana na saksofoni zinaingia kwa pamoja. Kumpigia kijana nusu ya kwanza na kumwambia huo ndio muziki wa dansi ni kumpa ugali bila mboga. Kanda za redio ziliuacha wimbo uende dakika 6, 8, hata zaidi. Tafuta hizo.

Kosa la mwisho ni uchaguzi. Neno lenyewe, zilipendwa, linajieleza: zilizobaki ni zile zilizopendwa. Za hovyo zilisahaulika. Za leo bado zinapigwa zote, nzuri na mbaya, kwenye kila bajaji ya Mbeya kutoka Kabwe hadi Uyole. Ukichukua kumi bora za 1982 ukazipambanisha na zozote za wiki hii, umepika matokeo. Mimi huchukua 12 kwa kila muongo: 4 ambazo kila mtu anazijua, 4 za kati, 4 za kuokota tu kutoka upande B wa kanda yoyote. Zile 4 za kuokota ndizo zinazosema ukweli kuhusu muongo. Na ukiweza, mpigaji asitaje jina wala mwaka.

Umri pia unachangia. Wanasaikolojia wameona mara nyingi kwamba nyimbo zinazotushika zaidi ni za ujana wetu, tangu balehe hadi mwanzo wa miaka ya 20. Kwa hiyo katika kikao kila mtu ataje mwaka aliotimiza miaka 16 kabla ya kutoa hukumu. Utashangaa jinsi ubishi unavyopoa.

Baada ya kusawazisha hayo, kwa nini nasema 1978 hadi 1988?

Mwaka 1978 Muhiddin Maalim Gurumo na wenzake walianzisha Mlimani Park, bendi ya mtindo wa Sikinde, Gurumo akiwaacha wapigaji wa iliyokuwa NUTA Jazz, kisha JUWATA, bendi ya mtindo wa Msondo. Tangu hapo kukawa na bendi mbili kubwa zinazojuana kila siri, kila moja ikisikiliza mwenzake ametoa nini. Pembeni yao walikuwapo Maquis waliotoka Zaire, Vijana Jazz ya Hemed Maneti, Marijani Rajab na Dar International, Bima Lee, Super Matimila. Bendi nyingi zilimilikiwa na mashirika na jumuiya: chama cha wafanyakazi, umoja wa vijana, bima, viwanda, majeshi. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa. Vyombo vilikuwa vya mwajiri, na mazoezi yalikuwa kazi ya mchana. Wimbo ulipelekwa ukumbini kwanza, wachezaji wakaupima kwa miguu, ndipo ukaenda kurekodiwa, bendi nzima ikipiga kwa pamoja mbele ya maikrofoni chache. Mpangilio wa sauti ulikuwa mikononi mwa wapigaji wenyewe. Mtu kama Michael Enoch pale Sikinde alijua saksofoni inyamaze wapi ili gitaa lisikike. Katika zile 4 za kuokota, muongo huu ndio pekee ambao mara nyingi hupata 3 za kusikiliza hadi mwisho.

Una kasoro zake. Nyimbo za kusifu shirika lililonunua magitaa zipo nyingi, na hazisikilizwi mara ya pili. Kuiga Zaire nako kulizidi, bendi nyingine zikapiga sebene ya Kinshasa, yale magitaa ya kasi ya kuchezea, kwa maneno ya Kiswahili tu.

Miaka ya 60 na mwanzo wa 70 siidharau. Salum Abdallah na Cuban Marimba, Morogoro Jazz, Tabora Jazz, Atomic ya Tanga: melodi tamu kuliko zote zilizofuata. Wanapungukiwa na uzito wa mpangilio tu.

Kwa maneno, nawapa ushindi waliokuja baada ya redio binafsi. Radio One ilianza 1994, na ndani ya miaka michache vijana walipata mahali pa kusikika bila kuwa na bendi, bila tarumbeta, bila mwajiri. Studio ya Master J, ya P Funk Majani, kompyuta na maikrofoni moja. Joseph Mbilinyi, Mr. II, aliyekuja kuwa mbunge wa Mbeya Mjini 2010, alisema maisha ya mtaa kwa lugha ya mtaa, jambo ambalo bendi ya shirika la umma isingethubutu. Professor Jay akaongeza hadithi na kejeli. Kati ya 1998 na 2007 mashairi yalikuwa makali kuliko wakati wowote. Ila zima maneno, bakiza ala peke yake: mizunguko minne ya kinanda inajirudia dakika nne. Hapo ndipo napopimia, na hapo ndipo dansi inashinda.

Kuanzia 2010 sauti ilisafika, na muziki ukavuka mipaka. Rayvanny wa Mbeya alichukua tuzo ya BET ya Marekani 2017. Utayarishaji ni wa hali ya juu. Nyimbo zinafupishwa hadi chini ya dakika 3, kiitikio kinawahi, na sehemu ya kujibizana ala haina tena mahali pa kukaa.

Mwenye kaseti nyumbani asizitupe, maana ushahidi wa ubishi huu umo humo. Za Tukuyu huja na ukungu mweupe pembeni mwa kanda kwa ajili ya mvua na unyevu. Kaseti ya namna hiyo usiipige, ukungu utahamia kwenye deki na kanda nyingine zote. Iache siku kadhaa mahali pakavu penye joto la kawaida, mbali na jua kali. Fungua zile skrubu tano, futa kingo kwa pamba yenye spiriti kidogo, izungushe hadi mwisho na kurudi kwenye deki mbovu usiyoitumia kwa kazi, ukiwa nje na umefunika pua. Ndipo uihamishe. Na leo hii, kabla hujaifikisha kwa fundi, vunja vile vimeno viwili mgongoni mwa kaseti, ili mtu asiweze kurekodi juu yake. Nimekuta Sikinde inakatika katikati ya chemko na kwaya inaingia.